Mkaja wa Muhiddin

Mambo ya Muhiddin yaliharibika Jumatatu ya tarehe kumi na mbili Agosti, 1957, chai ya asubuhi haijapoa, na aliyeyaharibu ni upepo.

Alikuwa akikaa Sokomuhogo, katika nyumba ya mawe ya ghorofa tatu. Kila chumba kilikuwa na mpangaji wake, na wapangaji wote walikuwa na sakafu moja ya juu ya kuanikia nguo. Mwenye nyumba alikuwa mtu mkubwa, ana majumba mengine Shangani na Malindi, na kamba mpya ya kuanikia aliyoahidi tangu mwaka juzi alikuwa bado anaitafuta. Kwa hiyo nguo zilining'inia kwenye kamba ya makumbi iliyooza. Asubuhi ile ikakatika. Kanzu na mashuka yalianguka pale pale, lakini kitambaa kimoja cheupe, kirefu, kilipaa, kikazunguka hewani kama kinamtafuta mtu, kikashuka uani na kutua mapajani mwa Bi Mwanakhamis aliyekuwa akichagua mchele.

Bi Mwanakhamis alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa mtaa ule walipokelewa na mikono yake. Alikinyoosha kile kitambaa, akakipima kwa dhiraa, wala hakuhitaji miwani.

"Muhiddin!"

"Naam!"

"Teremka."

Muhiddin akateremka na kikoi, uso umempauka.

"Shikamoo, Bi Mwanakhamis."

"Marahaba. Nini hiki?"

"Kitambaa."

"Kitambaa! Mimi nshawafunga mama zenu na wake zenu, leo unanambia kitambaa. Huu mkaja, mwanangu. Mwanamke akijifungua ndio anaofungwa tumboni arubaini nzima, tumbo lipate kurudi mahala pake. Na huu umefuliwa jana, bado una unyevu. Nani kazaa?"

"Hapana aliyezaa."

"Umejifua wenyewe?"

Hapo neno moja la kweli lingemaliza kazi. Lakini mwanamume mzima, fundi anayejulikana mji mzima, ataanzaje kulisema mbele ya mwanamke aliyeshika ungo? Muhiddin akakaza kikoi chake.

"Wa mgeni."

"Mgeni gani?"

"Wa… shamba."

Bi Mwanakhamis aliukunja mkaja taratibu, akautia chini ya ungo, akatabasamu tabasamu la mtu aliyepata cha kusema mpaka jioni.

"Hongera," alisema. "Wa kike au wa kiume?"

Adhuhuri haijaadhiniwa, habari ilikuwa ishafika Hurumzi. Na Hurumzi ndiko alikokuwa Mwatum, mwanamke ambaye Muhiddin alikuwa anataka kumwoa.

Watu wengine wakifiwa hukonda. Muhiddin alinenepa. Mkewe, Shemsa, alikufa miaka minne nyuma akisubiri gari la wagonjwa. Gari siku hiyo lilikuwa limekwenda kumchukua mke wa mkubwa mmoja aliyeteguka mguu akicheza tenisi. Mguu ule ulipona. Muhiddin akabaki na chumba, kitanda, sanduku la nguo za marehemu, na jioni ndefu zisizo na mtu wa kumwambia haya njoo ule. Basi akawa anakula bila ya kuambiwa. Alikuwa fundi wa vyarahani, kazi yake nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ina kikombe cha chai na sahani ya kitu: chapati za samli, mkate wa kumimina, halwa. Akala mpaka ngazi za Sokomuhogo zikamshinda, akawa anapumzika kila ghorofa kama mzee.

Daktari alimwambia ana presha. "Punguza mwili," alisema, "la sivyo utapunguza umri." Alisema hivyo akiwa na kitambi chake mwenyewe kimelala juu ya meza. Na wakubwa wote wa mji ule waliopita na magari, matumbo yao yaligusa usukani, na hapana daktari aliyewaambia neno. Tumbo la mkubwa ni neema, la fundi ni maradhi.

Hata hivyo Muhiddin alifanya alivyoambiwa, maana hakupenda kuwapa sababu ya kumzika. Sukari akaitoa kwenye chai. Samli akaiaga. Basi la Ng'ambo akaliacha lipite, akawa anakwenda kwa miguu na mkoba wake wa bisibisi na mafuta ya mashine, Kikwajuni, Miembeni, hata Mbweni. Usiku akila samaki wa kuchoma na mchicha, anafunga mlango kabla halwa haijamwita. Mwaka ulipokwisha, shingo ilikuwa imerudi, uso umepata mifupa, miguu myepesi kama ya kijana. Presha imeshuka.

"Uzito wako sasa mzuri kabisa," alisema daktari.

"Na hili, bwana daktari?" Muhiddin akaonyesha tumbo lake.

Kwa sababu tumbo lilikuwa palepale, kama mpangaji aliyekataa kuhama ilhali nyumba imeshauzwa. Mwili wote ulikuwa umeondoka, lenyewe limebaki kulinda mlango.

"Tumbo ndilo la mwisho kuaga," alisema daktari. "Mwili hauulizwi uanze kupungua wapi. Endelea hivyo hivyo." Akamwita mgonjwa mwengine.

Muhiddin akatoka na hasira. La mwisho, sawa, lakini lini? Hao ndio watu wa vitini, kila kitu kitakuja na hapana anayekutajia siku.

Hakuiamini hata mizani ya daktari. Akapita Darajani, siku ya heka heka za kabla ya Ramadhani, watu wanasukumana na tende na nazi na ndizi mbichi, akamwomba muuza magunia ampandishe kwenye mizani yake.

"Simama vizuri basi, usinivunjie," alisema muuza magunia.

Nyuma yake sauti ya kike ikasema, "Huyo unamuuza kwa ratili au kwa frasila?"

Muhiddin akageuka. Mwanamke amesimama na kikapu, baibui limefunguka kidogo mbele na gauni la maua ya manjano linachungulia, kikuba cha asumini kifuani, wanja umekaa machoni kama umechorwa na fundi wa milango. Hakuwa msichana. Alikuwa mwanamke aliyekwishajua bei ya kila kitu.

"Siuzwi, bibi. Napimwa tu."

"Kinachopimwa Darajani kinauzwa. Hebu zunguka nikuone." Muhiddin akazunguka, kwa nini hakujua. "Loo! Mwili wa kijana, tumbo la tajiri wa karafuu!"

Watu wakacheka, hata muuza magunia. Muhiddin naye akacheka.

"Tumbo hili si langu, nimewekewa amana. Mwenyewe hajaja kulichukua."

"Basi mkumbushe, lisije likaota mizizi."

"Na wewe mshonaji," alisema Muhiddin akishuka.

"Umejuaje?"

"Kidole hicho. Kimechomwa sindano mara nyingi kuliko mto wa pini."

"Na cherahani changu tangu juzi kinakula uzi."

"Afadhali chako kinakula. Mimi nimekatazwa kila kitu."

Akacheka mpaka kikapu kikamponyoka, na malimau yakabiringika chini ya miguu ya watu. Waliyaokota pamoja, na walipomaliza kuyaokota Muhiddin alikuwa anajua jina lake ni Mwatum, ni mtalaka, anashona katika chumba cha nyuma cha duka la nguo Hurumzi, na duka lina simu.

Simu ile ndiyo iliyowaoza mioyo. Muhiddin alikuwa akinunua sindano na mikanda kwenye duka moja la Mkunazini ambalo nalo lilikuwa na simu, na mwenye duka alikuwa mtu wa huruma kwa mambo kama hayo.

"Haloo. Namtaka Bi Mwatum, ni habari ya cherahani."

Kelele ya viti na mikasi, kisha: "Haloo, fundi."

"Hakijambo leo?"

"Kimeamka na homa."

"Kinaumwa wapi?"

"Kwenye moyo. Kinakwenda mbio na hapana aliyekikanyaga."

"Nije na mafuta, roho yangu?"

"Njoo mikono mitupu. Mafuta ushakatazwa."

Na kila Jumamosi alasiri walionana Forodhani, kwa heshima yao, wamekaa kwenye ukuta wa bahari na Tabia, shoga yake Mwatum, katikati kama mlinzi wa mpaka. Muhiddin alikula mshikaki bila ya mkate, Tabia akala mkate wa Muhiddin.

"Mimi sitaki dhahabu, Bwana Muhiddin," alisema Mwatum jioni moja. Kanzu za watu zilikuwa zinapita nyeupe mbele yao, na upepo wa bahari unachezea ukaya wa baibui lake. "Wala sitaki nyumba ya ghorofa. Mume wa kwanza alinificha jambo nikalijua mwisho, baada ya watu wote. Wewe nifanyie moja tu. Usinifiche."

"Nikufiche nini mie? Nina nini cha kufichwa?"

"Tumbo labda," alisema Tabia, mdomo umejaa. "Mwatum, bwana wako huyu akipiga kona, tumbo linafika kwanza kutoa salamu."

Wakacheka wote watatu. Lakini Mwatum alicheka zaidi, kichwa nyuma, meno yote nje, na Muhiddin alirudi Sokomuhogo na kicheko kile kimemkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Ami yake Mwatum alikuwa anakuja kutoka Mkokotoni kumtazama mchumba. Kanzu mpya ilikuwa imeshakatwa. Muhiddin akasimama mbele ya kioo, akavuta pumzi ndani. Tumbo likaingia. Akapumua. Tumbo likatoka. Alijaribu kila alichojua. Alipunguza wali akapata kizunguzungu, akanywa maji ya ndimu asubuhi akapata kiungulia, akalala chali akiinua miguu mpaka kitanda kikalalamika. Mikono na mashavu yakazidi kuisha, tumbo hata halikusikia.

Ndipo alipolifungua sanduku la marehemu.

Mkaja ulikuwa chini kabisa, umekunjwa, udi wa zamani haujautoka. Shemsa alifungwa nao alipomzaa mtoto wao wa pekee, mtoto ambaye hakudumu. Muhiddin alikumbuka tumbo la mkewe lilivyorudi likawa kama la msichana. Kama liliweza kwake, kwa nini lisiweze kwangu? Mtu hawezi kujifunga mkaja peke yake, unataka mtu wa kuvuta. Basi akafunga ncha moja kwenye mguu wa kitanda, akaweka ncha ya pili kiunoni, akaanza kujizungusha chumbani kama pia ya watoto, akielekea kitandani, mpaka akafika hana pumzi, amenyooka kama mlingoti.

Kanzu ikakaa. Loo, ikakaa vizuri! Mwatum alipomwona Jumamosi ile alimtazama mara mbili.

"Umefanya nini wewe?"

"Mazoezi."

Hilo likawa jambo la kwanza alilomficha. Dogo, la ukubwa wa kitambaa. Na tumbo lenyewe halikwenda popote, lilihama tu. Lilipanda juu chini ya mbavu, akawa hawezi kuinama kutia mashine mafuta, anakunywa maji anasikia yanasimama kooni. Jioni akijifungua linarudi lote, kama ng'ombe aliyekatiwa kamba. Na ami yake Mwatum hajafika, na upepo ukafika kabla yake.

Siku ile ya Jumatatu, saa nane za mchana, Muhiddin alikuwa Mkunazini ameshika simu kwa mikono miwili.

"Haloo. Mwatum, roho yangu, nisikilize—"

"Hongera, baba mtoto."

"Hapana mtoto!"

"Mkaja je, upo haupo?"

Muhiddin akatazama. Mwenye duka yuko pale. Wateja wawili wako pale, mmoja ni shabiki wa siasa aliyekuwa akigombana tangu asubuhi juu ya waliochaguliwa mwezi uliopita, na sasa amenyamaza kusikiliza.

"Upo," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini si hivyo."

"Vipi basi?"

"Siwezi kusema hapa."

"Haya. Mimi naweza." Sauti ya Mwatum haikutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha. "Nilikwenda Mkokotoni arusini, mwaka ule niko na mume wangu. Nikafikia nyumba ya jirani. Nikamkuta mzazi, msichana mzuri, ana kitoto cha wiki mbili, mkaja umemlegea. Nikamfunga vizuri kwa mikono yangu. Nikamuuliza, baba yake nani? Akanitajia mume wangu. Hajui mie nani, masikini. Nikamaliza kumfunga, nikarudi mjini kudai talaka yangu. Sasa unaniletea mkaja mwengine, bwana?"

"Mwatum, wallahi—"

"Usiape dukani kwa watu. Cherahani kimepona. Usije."

Mtaa haukungoja ushahidi. Mwanamume wa Sokomuhogo kaficha mzazi chumbani, mtoto wa watu wa shamba, hana mama hapa, hana wa kumpikia. Kosa ni la mwanamume, mzazi hana kosa. Basi wanawake wa nyumba ile, waliomwonea Muhiddin kila aina ya hasira, wakampikia huyo mzazi. Jumanne ukaletwa uji wa pilipili manga. Jumatano mchuzi wa kuku. Alkhamisi Muhiddin akafungua mlango akakuta bakuli la boko-boko, ngano na nyama vimepondwa vikalainika, samli imeelea juu kama ziwa.

Mwaka mzima hajalionja boko-boko. Alilitazama, nalo likamtazama. Alijua vizuri nini kitatokea akianza na kijiko kimoja, kwa sababu ndivyo alivyoanza Shemsa alipokufa. Huzuni ilikuwa ileile, na bakuli lilikuwa lileile. Akalichukua bakuli, akalifunika, akakaa nalo mbali, mwisho wa chumba.

Mlango ukasukumwa. Bi Mwanakhamis, chupa ya mafuta ya nazi mkononi, mkaja begani.

"Haya, yuko wapi? Siku ya nne hii hajakandwa. Wewe una dhambi zako, yeye ana mifupa yake." Akachungulia nyuma ya pazia. Akainama chini ya kitanda. "Umemficha wapi mtoto wa watu?"

"Hayuko, Bi Mwanakhamis."

"Mkaja wa nani?"

Muhiddin akainua fulana yake. Michirizi ya wiki nyingi za kujikaza ilikuwa haijafutika kwenye ngozi, myeusi, imepanga mistari kuzunguka tumbo.

"Wangu."

Bi Mwanakhamis alitazama mistari, akatazama tumbo, akatazama mkaja. Alikaa kitandani. Mabega yalianza kutikisika, kisha kifua, kisha chupa ya mafuta ikambidi aiweke chini isimwagike.

"Mwanangu," alisema alipoweza, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwanangu wee! Mkaja unamshikilia aliyetoa mtoto. Hauyeyushi la mlaji! Mafuta hayasikii kitambaa. Nani alikudanganya?"

"Hapana mtu. Mimi mwenyewe."

"Umepungua, kila mtu anaona. Nenda vivyo hivyo, miguu yako hiyo hiyo, na usiku ulale, maana najua hulali, nakusikia unavyotembea huko juu. Litapungua taratibu. Na lisipokwisha lote? Una miaka arubaini na mingapi wewe, unataka tumbo la mvulana wa chuoni?"

"Mwambie Mwatum basi. Wewe ndiye uliyelitangaza."

"Mimi nikimwambia atasema nimehongwa." Bi Mwanakhamis akasimama, akamtupia mkaja. "Uongo ulisema wewe. Wa mgeni, wa shamba. Kautengue mwenyewe."

Muhiddin alivaa kanzu yake ya kila siku, bila ya kujifunga, koti juu, kofia. Mkaja akaukunja kwapani. Akapita Mkunazini, akapita Kiponda, watu wakimtazama na kunong'ona, huyo, huyo, naye akatembea katikati ya njia, tumbo mbele. Sasa lilikuwa na haki ya kufika kwanza.

Chumba cha nyuma cha duka la Hurumzi kilikuwa na vyarahani vitatu na wanawake watatu. Mwatum alikuwa dirishani, gauni la buluu, nywele zimesukwa, sindano mdomoni. Tabia alimwona wa kwanza, akakanyaga nje ya pedali.

"Fundi, tumesema kimepona," alisema Mwatum bila ya kuinua kichwa.

"Sikuja kwa cherahani. Nimemleta mzazi."

Hapo akainua kichwa. Muhiddin alivua koti akalitundika kwenye msumari. Akamkabidhi Tabia ncha moja ya mkaja. "Shika, tena ukaze." Kisha, mbele ya wanawake watatu na mwenye duka aliyekuja mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni, akaanza kujizungusha juu ya kanzu yake, raundi baada ya raundi, mikono juu, kofia imekaa upande, mpaka akafika mbele ya Tabia amebanwa kama gunia la karafuu.

"Mzazi ni mie," alisema, pumzi zikimwishia. "Hapana mke shamba. Hapana mtoto. Ulicheka Forodhani, nikaona haya. Huu ulikuwa wa marehemu mke wangu, nikaufunga ili kanzu ikae. Sikusema kwa Bi Mwanakhamis, sikusema kwenye simu, kwa sababu nilitaka unione mwanamume. Sasa nione nilivyo. Na nikikaa hivi dakika moja zaidi nitazimia."

Sauti ikamtoka Mwatum, nyembamba kwanza, kama cherahani kinachoanza, halafu ikawa kile kicheko chenyewe, kichwa nyuma, meno yote nje. Tabia alikuwa ameshakaa chini. Mwenye duka alirudi mbele akijifuta macho.

"Mfungue, Tabia, atakufa!"

"Nimfungueje, mikono haina nguvu!"

Mwatum akaja mwenyewe. Alikifungua kitambaa kwa mikono ya haraka, akimzungusha upande wa pili, na kila raundi Muhiddin akipata pumzi kidogo.

"Mjinga wewe," alisema kwa sauti ya chini, karibu na sikio lake. "Mjinga, laazizi. Mie nilikuwa nakutania. Siku ile Darajani nilikupendea nini unadhani? Mtu kasimama juu ya mizani ya magunia mchana kweupe, tumbo lake mbele, hana habari na mtu."

"Nilikuwa na habari."

"Basi mie sikujua. Tumbo haliniogopeshi. Naogopa kinachofichwa."

"Nshakwambia yote."

"Umeniambia siku ya nne."

"Siku ya nne, ndiyo. Nimekosa. Sitangoja tena."

Mwatum alimtazama usoni kama mtu anayetazama mshono kwenye mwanga. Kisha akavuta futi iliyoning'inia kwenye kiti, akampitishia kiunoni, juu ya tumbo lenyewe, bila ya kuikaza.

"Pumua," alisema.

"Nipumue?"

"Pumua, niipate saizi ya kweli. Kanzu ile ilikatiwa mtu mwengine. Nitakukatia ya kwako. Ami anakuja Jumapili, atakukuta umevaa nguo inayokutosha. Na Jumatatu utaanza kunibebea majora ya nguo kutoka bandarini mpaka hapa, mwenye duka kila siku analia hana mchukuzi. Tumbo likitaka kuondoka litaondoka likifanya kazi."

"Na lisipotaka?"

"Litakula muhogo wa kuchemsha pamoja na sisi."

Muhiddin alisikia kitu kikifunguka mwilini ambacho hakikuwa mkaja. Mwaka mzima alikuwa amepunguza na kupunguza, na sasa mara ya kwanza alijiona ametosha.

"Basi nimtume mshenga kwa ami, Jumapili hiyohiyo?"

Tabia akapiga kigelegele. Mwatum alikuwa anaukunja mkaja juu ya meza ya kukatia, mkunjo juu ya mkunjo, kwa mikono inayojua nguo. Katikati ya mkunjo akasita. Akauinua mpaka puani.

"Una udi," alisema.

"Ndiyo."

"Si wa sandukuni. Mpya huu."

"Naufukiza. Kila nikishaufua, na leo kabla ya kutoka."

"Kitambaa cha kubania tumbo kinafukizwa udi, Muhiddin?"

Nje, mwenye duka alikuwa anamwambia mteja bei ya satini. Tabia akajifanya anatia uzi kwenye sindano iliyokwisha kutiwa.

Mwatum aliweka mkaja kifuani mwake, akaushika kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshikie. Hakuwa na hasira. Wala hakuwa anatania.

"La mshenga nitakujibu," alisema. "Lakini nijibu langu kwanza, mpenzi wangu. Wiki zote hizi, ulikuwa unajifunga kwa ajili ya tumbo, au kwa ajili ya marehemu?"